Kuuliza ni Sehemu ya Kazi



Somo letu la mara hii limetokana na suali tuliloletewa na kijana mmoja aliyesoma darasani kwetu tangu utotoni, na ambaye sasa yuko Nakuru akifanya kazi katika ghala la nafaka. Kazi yake ni kupokea magunia ya mahindi na ngano, kuyapima na kuyapanga. Katika siku zake za mwanzo aliona kuwa magunia yaliyogusa ukuta, na yale yaliyolazwa juu ya saruji tupu, yakiota ukungu upande wa chini. Na yale yaliyokaa juu ya mbao yakisalimika. Akamwuliza msimamizi wake kwa nini yote yasiwekwe juu ya mbao, na akamwuliza pia maana ya nambari aliyoiona katika kipimo cha unyevu. Msimamizi akamjibu: "Wewe umeajiriwa kupanga, hukuajiriwa kuuliza." Kijana akanyamaza. Mvua za masika zilipokwisha, magunia mengi yalikuwa yameoza, na tajiri alipokuja kuyatazama alimgeukia kijana yule yule akamwambia: "Wewe uko hapa kila siku, mbona hukusema?"

Basi ametuletea suali lake kwa maneno machache: "Sheikh, nilikosa nilipouliza, au nilikosa niliponyamaza?"

Kabla ya kumjibu sina budi kukiri jambo moja mbele yenu. Kijana huyu alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, siku tuliyokuwa tukisoma mlango wa udhu, aliniuliza kwa nini kichwa hupakwa maji tu na hali miguu huoshwa. Nami nilimtolea jicho nikamwambia anyamaze, kwani dini haina "kwa nini." Wenzake wakamcheka. Leo nikilifikiri jambo lile naona kuwa sikumkemea kwa ajili ya kuihifadhi dini. Nilimkemea kwa kuwa sikuwa na jawabu tayari, nikaona haya mbele ya watoto. Kwa hiyo, msimamizi yule wa Nakuru alimkuta kijana ambaye mimi nilikwisha kumfundisha kunyamaza. Nataka somo hili liwe ni jawabu lake, na liwe pia ni kulipa sehemu ya deni langu kwake.

UDAKU NA UDADISI

Hapa pwani neno la udadisi halina sifa njema kwa watu wengi. Mtu akiitwa mdadisi, huenda akafahamika kuwa ni mdaku, mtu wa kutega masikio madirishani mwa watu na kuuliza fulani kaoa nani, fulani kapata wapi fedha, na mume wa fulani alirudi saa ngapi. Tabia hiyo ni haramu bila ya shaka yo yote. Mwenyezi Mungu ameikataza katika Surat al-Hujurat, pale alipotukataza kupelelezana na kusengenyana. Wazee wetu walipowaonya watoto wao na tabia hiyo walifanya vyema.

Walakini tumechanganya mambo mawili yaliyo mbali mbali. Udaku huchungua aibu za watu, na faida yake ni fitina. Udadisi wa kazi huchungua kitu: gunia hili limeoza kwa nini, mashua hii yavuja wapi, hesabu hii haikulingana kwa sababu gani, mgonjwa huyu amezidiwa baada ya kupewa nini. Huu wa pili hautajwi katika makatazo hata kidogo. Bali tumeamrishwa katika Qur'ani tuwaulize wenye ilimu tukiwa hatujui, na amri hiyo haikuwekewa mpaka wa umri wala wa cheo.

Na mumkumbuke yule sahaba aliyepasuka kichwa safarini, khabari yake aliyoipokea Abu Daud. Alipokuwa na janaba aliwauliza wenzake kama yuko na ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia kuwa hawamwonei ruhusa, maadamu maji yako. Akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata khabari aliwalaumu lawama kali, na akawafahamisha kuwa ujinga ni ugonjwa na dawa yake ni kuuliza. Wale watu hawakuwa na nia mbaya, wala hawakuwa wavivu wa ibada; kosa lao ni kutoa jawabu katika jambo wasilolijua, na mtu akafa kwa jawabu hilo.

Wala mtu asidhani kuwa magunia ya mahindi si jambo la roho za watu. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Msiba wa mwaka 2004 unatosha kutajwa hapa: katika nchi ya Ukambani, sehemu za Makueni na Kitui, waliugua watu 317 kwa sumu hiyo na wakafa 125. Ndiyo maana mahindi ya kuwekwa ghalani hutakiwa unyevu wake usizidi sehemu 13.5 katika mia. Hiyo ndiyo nambari aliyoiuliza kijana wetu, akaambiwa hakuajiriwa kuuliza.

NG'OMBE WA NAKURU

Kwa kuwa suali limetoka Nakuru, na tulitafutie mifano yake huko huko.

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900. Baada yake nchi ile iligawiwa walowezi wa Kizungu, na Wamasai waliokuwa wakilisha katika Bonde la Ufa wakaondolewa sehemu kubwa ya malisho yao. Mmoja katika walowezi wakubwa alikuwa Lord Delamere, aliyepewa shamba Njoro mwaka 1903. Mwaka 1904 aliagiza kondoo majike 500 wa aina ya merino kutoka New Zealand, na muda haukupita mwingi sehemu nne katika tano za kondoo hao zilikuwa zimekufa. Mifugo ya kigeni ilikuwa ikifa kwa maradhi ya kila namna. Lakini katika mashamba ya kandokando ya Nakuru palikuwa na ajabu moja iliyowashinda watu: ng'ombe na kondoo waliokuwa ndani ya majani mabichi ya kutosha walikuwa wakikonda, hamu ya kula ikiwatoka, damu ikiwapungukia, mpaka wakafa na majani yamewazunguka. Wakihamishwa malisho mengine, hupata nafuu. Maradhi hayo yakapewa jina la mji wenyewe, yakaitwa Nakuruitis.

Maradhi ya namna hiyo yalikuwako pia Australia na New Zealand, kila mahali na jina lake. Watu walidhani kuwa ni upungufu wa chuma, wakawapa mifugo mawe ya chuma yaliyosagwa. Na kweli, mifugo ikapona. Mtu mwenye kutosheka upesi angesema kuwa dawa imefaa na khabari imekwisha. Lakini katika Australia ya Magharibi walikuwako watu wawili, Eric Underwood na John Filmer, ambao hawakutosheka. Waliona kuwa chuma kilichotakiwa ili mnyama apone kilikuwa kingi mno kupita haja ya mwili wake. Tena mawe mengine yakiponya zaidi na mengine kidogo, wala tofauti hiyo haikufuatana na wingi wa chuma kilichomo. Wakajiuliza: ikiwa chuma ndicho kiponyacho, mbona penye chuma kingi hapana ponyo zaidi? Wakakitoa chuma katika dawa, wakawapa mifugo kilichobaki. Mifugo ikapona vile vile.

Hapo ikadhihirika kuwa miaka yote ile dawa ilikuwa ikiponya kwa sababu isiyokuwa ile iliyodhaniwa. Mwaka 1935 walibainisha kuwa kilichokuwa kikiponya ni madini mengine yaliyochanganyika na chuma kama taka, nayo ni kobalti. Na mwaka huo huo Hedley Marston na wenzake huko Australia ya Kusini wakafikia jambo hilo hilo. Maradhi ya Nakuru nayo yakajulikana kuwa ni ya mlango huo huo: ardhi ya kule imetokana na majivu ya volkeno, na kobalti ndani yake ni haba. Kiasi anachokihitaji mnyama ni kidogo sana, kama sehemu moja katika sehemu milioni kumi za majani makavu anayokula. Lakini kikikosekana hicho kidogo, wingi wa majani haumfai kitu. Mwaka 1948 ilipopatikana vitamini B12, ikaonekana kuwa kobalti imo ndani yake. Vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe huitumia kobalti kuitengeneza vitamini hiyo, na bila yake damu haifanyiki sawasawa.

Yatupasa tutoe mafunzo mawili katika kisa hiki. La kwanza, ni kuwa suali halitakiwi wakati wa kushindwa tu. Waliouliza hapa walikuwa na dawa mkononi inayoponya, nao wakataka kujua inaponya kwa nini. Na kwa kujua hivyo ndipo watu walipoweza kutibu kwa kiasi kidogo na kwa gharama ndogo, na kuyatambua maradhi hayo mahali pengine. Wangapi katika sisi wenye biashara inayokwenda vizuri, wala hatujui inakwenda vizuri kwa sababu gani? Siku ikiharibika hatutajua pa kuanzia.

La pili, ni kuwa wafugaji wa Bonde la Ufa walikuwa na ada ya kuihamisha mifugo yao malisho kwa malisho, na kuipeleka mahali penye chumvi ya ardhi ikalambe. Wageni wengi waliiona ada hiyo kuwa ni kutangatanga tu. Mtu mdadisi angaliuliza: watu hawa wamefuga hapa kwa vizazi vingi, wanahama kwa nini? Mara nyingi ilimu imo kwa mtu tunayemwona kuwa chini yetu, na kinachotuzuia kuipata ni kibri cha kutomwuliza.

KUTU YA NGANO

Kisa cha pili kinaanzia pale pale Njoro, na kinatugusa sisi watu wa pwani kila siku tunapokaa kwa chai, kwa mahamri na kwa chapati. Kwani hizo zote ni ngano, na sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya huingia na meli bandarini kwetu.

Walowezi walipojaribu kupanda ngano Njoro waliipanda kwa wingi, ikashikwa na maradhi yaitwayo kutu, kwa sababu shina na majani huwa kama chuma kilicholiwa. Mwaka 1909 Delamere alikuwa ameweka tumaini lake katika ekari 1,200 za ngano, nazo zikaharibika. Ndipo alipoona kuwa kupanda tena mbegu ile ile ni kutupa fedha, akaweka mahali pa uchunguzi shambani mwake na kuwaajiri wataalamu wa kutafuta mbegu iwezayo kustahimili kutu. Mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kikasimamishwa Njoro, na kazi hiyo inaendelea mpaka leo chini ya serikali ya Kenya.

Miaka ikapita, na wataalamu wa ulimwengu wakapata kinga kubwa. Katika nafaka iitwayo rai, iliyo jamaa ya ngano, walipata jeni yenye kuizuia kutu ya shina, wakaitia katika ngano. Jeni hiyo huitwa Sr31. Ikaenea katika mbegu za nchi nyingi, na kwa muda wa miaka zaidi ya thalathini kutu ya shina haikuishinda. Watu wakaiona khabari ya kutu kuwa imekwisha, na wachunguzi wengi wakahamia kazi nyingine.

Mwaka 1998, huko Kalengyere kusini-magharibi ya Uganda, mtaalamu wa ngano wa Kiganda jina lake William Wagoire alikuwa akizitazama ngano zake za majaribio kama ilivyo kazi yake. Akaona kutu ya shina juu ya ngano zilizokuwa na ile jeni ya kinga. Fikirini hali ya mtu huyo. Vitabu vyasema kuwa jambo hili haliwezekani. Ulimwengu mzima wategemea kuwa haliwezekani. Na yeye yuko katika kituo kidogo cha mlimani, mbali na miji ya ilimu. Lilikuwa jepesi kwake kusema kuwa mbegu zimechanganyika, au kuwa macho yake yamekosa, akaandika katika daftari kuwa mambo ni kama kawaida. Hakufanya hivyo. Ile kutu ilipelekwa Afrika Kusini, kwa mtaalamu Zacharias Pretorius, ikachunguzwa, na ikathibiti kuwa ni kutu mpya inayoishinda Sr31. Khabari yake ikatangazwa mwaka 2000, na kutu hiyo ikajulikana ulimwenguni kwa jina la Ug99.

Haikukaa Uganda. Mwanzo wa miaka ya 2000 ilikuwa imefika Njoro. Mwaka 2003 ikaonekana Ethiopia. Mwaka 2006 ikawa imevuka bahari ikaonekana Yemen, nchi ambayo wengi katika sisi tuna damu na jamaa huko. Na mwaka 2007 ikaonekana Iran. Mzee Norman Borlaug, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano, alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya tisini alisimama mwaka 2005 kuuonya ulimwengu juu ya kutu hii. Baada ya hapo mashamba ya Njoro yakawa mahali pa kuzitahini ngano za ulimwengu. Mbegu za maelfu huletwa kutoka nchi nyingi, hupandwa katikati ya kutu yenyewe, na zinazosalimika ndizo zinazochaguliwa kuzalisha. Mji mdogo wa Bonde la Ufa ukawa mtihani wa mkate wa mataifa.

Sababu ya kuonywa mapema ni kuwa mtu mmoja, katika kazi yake ya kila siku, aliona kitu kisicholingana na alivyofundishwa, akakifuatilia. Huo ndio udadisi wa kazi. Haukumtaka aache kazi yake. Ulimtaka aitazame kazi yake kwa macho yaliyofunguka, na ajali kile kisichokwenda sawa.

SUALI LILILORUDIWA

Kisa cha tatu ni kifupi. Karibu na Naivasha, mahali paitwapo Olkaria, mvuke hutoka ardhini wenyewe, na watu wameujua tangu zamani. Mwaka 1956 palianzwa kuchimbwa visima viwili ili mvuke huo utumiwe kufanyia umeme. Visima hivyo havikutoa mvuke wa kutosha, na kazi ikaachwa. Wengi wangalisema kuwa jambo limejaribiwa likashindikana. Lakini katika miaka ya 1970 wataalamu walirudi na suali lile lile wakaliuliza vizuri zaidi: je, joto halimo, au tulichimba pasipo pake? Wakapima upya, wakachimba mahali pengine, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria ukaanza kutoa umeme. Leo zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya hutoka katika joto la ardhi ya Bonde la Ufa, na taa nyingi zinazowaka Mombasa zina sehemu yake humo.

Tunajifunza hapa kuwa jawabu la "hapana" huenda likawa ni jawabu la mahali pamoja na siku moja. Mwenye kuuliza mara moja akakata tamaa, hakuuliza bado.

ADABU ZA KUULIZA

Pamoja na hayo yote, suali nalo lina adabu zake, na mwenye kuzivunja huliharibu suali lake mwenyewe.

Kwanza, tazama kabla hujauliza. Mtu akiuliza jambo ambalo macho yake yangalimjibu kwa dakika moja, huwachosha watu. Kijana wetu aliliangalia hili. Alikwisha kuyaona magunia ya ukutani na ya juu ya mbao, akalinganisha, ndipo akauliza.

Pili, chagua wakati. Fundi akiwa juu ya ngazi, au karani akiwa katika kuhesabu fedha, si wakati wa kumwuliza. Nabii Musa, pamoja na utume wake, alisafiri kumtafuta mja aliyekuwa na ilimu asiyokuwa nayo yeye, na sharti aliyowekewa ni kusubiri asiulize mpaka aelezwe. Hakukatazwa kujua, alitakiwa angoje.

Tatu, uliza ili ujue, usiulize ili umfedheheshe mkubwa wako mbele ya watu. Suali moja laweza kuwa nasaha likisemwa faraghani, na likawa tusi likisemwa barazani.

Nne, andika. Suali lisiloandikwa husahauliwa, na suali lililoandikwa pamoja na tarehe yake na uliyoyaona huwa ni ushahidi.

Tano, usiiache kazi yako kwa sababu ya suali lako. Ujira ni amana. Mwenye kulipwa ili apange magunia, na ayapange, kisha aulize.

Na mabwana wa kazi nao, na walimu, na wazazi, wana adabu yao katika kuulizwa. Mkubwa asichukie kuulizwa na mdogo. Akijua, ajibu, asipojua, aseme kuwa hajui, kisha watafute pamoja. Imamu Malik, ambaye watu walimfuata kutoka nchi za mbali, imepokewa kuwa aliulizwa masuala mengi katika kikao kimoja, na mengi katika hayo akajibu kuwa hayajui. Wala cheo chake hakikupungua kwa hilo. Sisi tusiofikia ukucha wake twaona haya kulisema neno hilo mbele ya watoto wa miaka tisa. Na tajiri aliyewazoeza watu wake kunyamaza asistaajabu siku atakapokuwa wa mwisho kupata khabari za ghala lake mwenyewe.

JAWABU LETU

Basi, ewe kijana wetu, jawabu la suali lako ni hili.

Hukukosa ulipouliza. Uliuliza jambo la kazi yako, kwa adabu, baada ya kutazama. Na katika kuuliza kwako palikuwa na kulinda mali ya tajiri na chakula cha watu. Uliponyamaza una udhuru, kwa kuwa ulikemewa na wewe ni mgeni wa kazi. Lakini udhuru wako hauwi wa siku zote. Ulipoona ukungu unazidi ilikupasa urudi mara ya pili kwa njia nyingine. Ungaliweza kumwomba msimamizi akuruhusu magunia mawili tu: moja liwekwe juu ya mbao na moja juu ya saruji, kwa wiki tatu, kisha mkayafungua pamoja naye. Mtu aliyekasirishwa na suali huenda akakubali jaribio, kwani jaribio halimwambii kuwa amekosa. Yeye mwenyewe huona. Na lau angalikataa hilo pia, ilikuwa haki yako kumfikishia tajiri khabari kwa maneno ya heshima, bila ya kumsengenya mtu.

Ama lawama kubwa, hiyo ni ya yule aliyekufunga mdomo. Na kabla yake, ni yangu mimi. Ile siku ya mlango wa udhu ilinipasa nikwambie kuwa hivi ndivyo tulivyofundishwa na Mtume wetu, nasi twafuata hata tusipoijua hekima yake. Na kuwa wanazuoni wana maelezo katika hekima hiyo, nami nitayatazama nikuletee. Maneno hayo yasingalichukua hata dakika mbili. Nakuomba radhi. Nimekwisha kuyatazama, na nitakuletea kwa barua ya peke yake.

Wazee wetu walisema kuwa kuuliza si ujinga. Sote twaijua methali hiyo, nasi huisema watoto wetu wakitusikia, kisha wakiuliza tukawatolea jicho. Basi tuanze sisi wakubwa. Darasa la Alkhamisi ijayo, In sha Allah, kila mmoja wetu aje na suali moja la kazi yake mwenyewe alilowahi kulinyamazia: mwenye duka, mwenye chombo, karani wa bandari, mwalimu, fundi cherehani, na mama mwenye kupika mahamri ya kuuza. Tutayaandika yote ubaoni. Tutakayoyajua tutayajibu, na tusiyoyajua tutaandika majina ya watu wa kwenda kuwauliza, wawe wakubwa au wadogo, wawe wa dini yetu au wasiwe.

Mwenyezi Mungu atufunulie yaliyo na manufaa kwetu, na atuepushe na kuchungua yasiyotuhusu. Amin.